Tumbawe la Léoncie

Siku Profesa Sylvère alipotangaza kwamba atakayekwenda baharini ni Léoncie, Houda alikuwa na tone la dawa ya javeli kwenye kidole cha shahada, na hakulifuta mpaka ngozi ilipoanza kuwasha.

"Wiki tatu," Profesa alisema, amesimama mlangoni mwa maabara na karatasi yake mkononi. "Atapiga mbizi na wenzetu wa pwani. Safari hii hatungoji kuletewa chupa. Tunakwenda kuchukua wenyewe."

Wote waliokuwamo walipiga makofi. Houda naye alipiga, mkono mmoja una glavu na mwingine hauna, ikatoka sauti kama ya mtu anayekung'uta kitambaa. Léoncie alikuwa ameziba uso kwa viganja. Alipoviondoa, mtu wa kwanza kumtazama alikuwa Houda, na Houda akamtabasamia. Tabasamu lile lilimgharimu.

Chupa hizo zilikuwa zikifika Bujumbura kwa miaka kumi na minane. Zilitumwa na Dokta Massoudi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi aliyehamia pwani zamani akawa mkubwa katika taasisi moja ya mambo ya bahari. Yeye na Profesa Sylvère walisoma pamoja ng'ambo, na Massoudi hakuamini jicho la mtu mwingine ila la mwenzake huyo. Asichokijua ni kwamba jicho la Profesa lilikuwa limechoka zamani. Lililokuwa likitazama ni la Houda.

Ndani ya kila chupa mlikuwa na kipande cha tumbawe laini ndani ya alkoli, pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mwamba gani, kina gani, tarehe gani. Matumbawe magumu hujenga mawe, nayo mawe hubaki hata wenyewe wakifa. Haya laini hayajengi kitu. Ni nyama tupu, mengine kama ngozi iliyolowa, mengine kama uyoga, mengine kama vidole vya mtu. Ukitaka kuyajua kwa sura yatakudanganya, kwa maana tumbawe lilelile likikaa penye mawimbi hujikunja, likikaa penye utulivu hurefuka. Lakini ndani ya nyama mmefichwa vijiwe vidogo kuliko punje ya chumvi, na vijiwe havidanganyi. Unakata kipande, unakitia kwenye javeli, ileile ya kufulia mashuka, nyama inayeyuka, vijiwe vinazama chini. Unasuuza, unaweka chini ya hadubini. Vingine vina sura ya rungu, vingine ya mchi, vingine ya tango lenye chunusi.

Houda alivijua kama mwenye duka anavyojua funguo zake. Shule yake ilikatizwa na vita akiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Aliingia pale kuosha vyombo vya kioo, na siku moja Profesa alimkuta anachora kwa kalamu alichokuwa amekiona kwenye lenzi. Tangu siku hiyo hakuosha tena vyombo. Léoncie alipokuja, mwanafunzi kutoka Mutanga Nord, mtaa wa wenye uwezo, mwenye viatu vyeupe, Houda ndiye aliyemfundisha kushika kisu.

"Hapa hatuangalii kichwa tu, mudogo wangu," alimwambia siku ile. "Unakata juu, unakata na chini. Chini ndiko kuna ukweli wake."

Sasa mudogo wake alikuwa anakwenda. Na kilichomuuma Houda zaidi ni jambo dogo ambalo asingeweza kulisema mbele ya mtu: yeye alikuwa mwogeleaji. Utotoni alikuwa akiivuka ghuba ya ziwa na kurudi huku kaka zake wakihesabu kutoka ufukoni. Léoncie alijifunza kuogelea miezi miwili kabla ya safari, katika bwawa la hoteli, ameshika ubao.

Nyumbani Buyenzi, mumewe Djibril alikuwa amefungua injini ya pikipiki barazani. Alimsikiliza mkewe akisimulia, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "We ulitaka kwenda?"

"Apana."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Nauliza tu, Mama Saliha. Umeniambia mara tatu kwamba hukutaka."

Léoncie alirudi baada ya wiki tatu pua imebambuka kwa jua, na simu imejaa video. Watu walimzunguka kama anagawa kitu. Katika kioo kile kidogo cha simu maji yalikuwa ya buluu iliyotulia, na matumbawe laini yalikuwa yameutandaza mwamba mzima, ya kahawia, ya njano, ya zambarau, kila moja na mikono yake minane yenye vinyoya, yanafunguka na kufumba. Houda alitazama kutoka nyuma ya bega la mtu. Kwa miaka kumi na minane aliyajua yakiwa rangi moja tu, rangi ya nyama iliyokaa kwenye alkoli. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yanacheza.

"Tumbawe langu hili," Léoncie alikuwa akisema, anagusa kioo. "Na hili langu. Hili nililishika kwa mkono huu."

Langu. Houda alilihesabu neno hilo mara saba.

Halafu Léoncie alimvuta pembeni akampa chupa ya maji iliyofungwa kwa mfuko. "Nimekuletea bahari, dada Houda. Kwa sababu we hujaiona."

Alisema kwa upendo, na hata Houda aliuona upendo huo. Ndio uliomchoma. Wengine walipokwenda kula mchana, alifungua chupa akaimwaga kwenye sinki, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akainama akanusa sinki. Yakamtoka machozi, akajisemea ni harufu ya alkoli.

Kazi ilianza. Chupa zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, kutoka miamba sita: miwili ya karibu na mdomo wa mto, ambako maji ni matope, na minne ya mbali, ambako mtu huona mita thelathini mbele yake. Lengo lilikuwa kuchora ramani ya aina gani ya tumbawe laini inaishi wapi. Mkutano ulikuwa umepangwa kwenye ukumbi wa Kigobe, hapohapo mjini, baada ya miezi miwili na nusu, wageni wa nchi jirani wangekuja, na Dokta Massoudi angekuwamo.

"Dada Houda," Léoncie alisema asubuhi ya kwanza, "tufanye vichwa tu. Misingi tuache."

"Vichwa tu?"

"Muda hautoshi. Na umeme wenyewe unauona. Tukikata juu na chini hatumalizi hata nusu."

Hapo Houda angeweza kumkumbusha somo lile la siku ya kwanza, kwa maneno kumi tu. Aliyatafuta, akayapata, akayameza.

"Sawa," alisema.

Akafanya vichwa. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ambayo hayakungoja ruhusa, na wenzake walipokuwa wakishuka kwenda kula, yeye alibaki akakata misingi kimyakimya. Alijiambia ni kwa ajili ya kujua tu. Wiki ya tatu alijua.

Aina moja ilikuwa imejitokeza kwenye miamba yote sita, na Léoncie alikuwa amekwisha kuipenda. Vichwa vyake vilikuwa na vijiwe vilevile kila mahali, virungu vidogo vyenye vichwa vya mviringo. Lakini chini, penye mizizi ya tumbawe, mambo yalikuwa mengine. Yale ya miamba minne ya maji meupe yalikuwa na vijiwe vyembamba vilivyochongoka ncha mbili. Yale ya mdomo wa mto yalikuwa na vijiwe vinene, butu, vimejaa chunusi zilizobanana. Houda alibadilisha chupa, akarudia. Alichukua nyingine, akarudia. Hayakuwa tumbawe moja. Yalikuwa mawili yaliyovaa kofia moja.

Aliketi nyuma ya hadubini, na furaha iliyompanda ilikuwa na meno. Alibandika vijiwe juu ya vioo kumi na kimoja vya hadubini, akaviandika kwa penseli, akaviweka ndani ya kopo la maziwa kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo.

Léoncie alichora ramani yake. Rangi ya kijani ilikwenda kwenye miamba yote sita bila kukatika, naye aliitundika ukutani akasimama mbele yake kama mtu anayejitazama kwenye kioo. "Angalia, dada. Ni tumbawe la kila mahali. Tope linaliweza, maji meupe linayaweza. Hata mito ikizidi kuleta udongo, hili litabaki." Alieleza kwamba watu wa pwani walikuwa wanaingoja ramani hiyo. Kuna gati lilikuwa linataka kujengwa karibu na mdomo wa mto, na ikiwa kila kilichoko pale kinapatikana pia kule mbali, basi miamba ile miwili hakuna wa kuilia.

Houda alifikiria maji ya mtaa wa Buterere wakati wa mvua, yanavyoingia majumbani na rangi yake ya chai ya maziwa. Kuna kiumbe kilichochagua kuishi ndani ya maji kama hayo, na hakipo penginepo kati ya miamba ile sita, na aliyekuwa anakijua ni mtu mmoja duniani. Aliyafikiria hayo vizuri kabisa. Kisha akasema, "Ramani nzuri."

Wivu ukipata kazi ya kufanya hunenepa. Houda alianza kula vizuri. Njiani akishuka kwa miguu kutoka Mutanga, iliko maabara, maana mafuta yalikuwa yameadimika na mabasi yalikuwa yamelala, alikuwa akiutazama mkutano kichwani mwake kana kwamba umekwisha kufanyika. Dokta Massoudi anasimama, anauliza swali moja. Léoncie anafungua mdomo. Pua ile iliyobambuka haina tena pa kujificha.

"Siku hizi unaimba," Djibril alimwambia jioni moja, akiwa anasafisha kabureta kwa brashi ya meno.

Akamweleza. Alidhani atacheka naye.

"Na we unangoja nini?" Djibril aliuliza.

"Nangoja aanguke."

Alipuliza kabureta, akaichungulia kwa mwanga. "Mi hata pikipiki ya mutu anayenichukia, nikiona breki zimekufa namwambia."

"Hii si pikipiki."

"Ndiyo. Pikipiki huua mutu mmoja." Akarudi kwenye brashi yake, na kesho yake Houda hakuimba.

Lakini hakusema. Alikwenda mara mbili mpaka kwenye meza ya Léoncie akiwa na ufunguo wa droo mkononi. Mara ya kwanza Léoncie alikuwa kwenye simu, anamsimulia rafiki yake habari za kasa. Mara ya pili alikuwa peke yake, ameinamia daftari, na Houda alifika karibu kabisa. Léoncie akainua kichwa akasema, "Dada, ningekuwa na uwezo ningekuchukua. Kweli." Houda akaurudisha ufunguo mfukoni. Asingeweza kuvumilia kuonewa huruma na mtu ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika kisu.

Ukumbi wa Kigobe ulikuwa na viti vyekundu na feni zilizokuwa zinazunguka pale umeme ulipotaka. Houda alipewa kiti cha nyuma, karibu na meza ya fanta. Léoncie alivaa gauni la buluu, akaongea Kifaransa kidogo kisha Kiswahili kwa ajili ya wageni, na aliongea vizuri. Ramani ilipotokea ukutani, kijani kwenye miamba sita, watu walinong'onezana kwa kuridhika, na Profesa Sylvère alijinyoosha kitini kama baba wa bibi harusi.

Dokta Massoudi alikuwa mtu mfupi mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na sauti ya pole. Aliinua mkono.

"Hongera, binti yangu. Nina swali dogo la mzee. Hii ya kila mahali. Misingi yake mmeitazama?"

Houda alishika ukingo wa kiti. Saa yake ilikuwa imefika.

Léoncie aligeuka akaitazama ramani. "Mimi binafsi sikuitazama," alisema. "Niliagiza vichwa tu, kwa sababu ya muda. Ni kosa langu, sitaficha." Kisha macho yake yakapita juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma, penye meza ya fanta. "Lakini aliyeandaa vioo ni dada Houda. Mimi nimefundishwa na yeye. Hawezi kupewa tumbawe asikate chini, hata umkataze. Kama kungekuwa na tofauti angeniambia. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi."

Watu wakageuka, mstari baada ya mstari.

Houda alikuwa ameliwaza tukio hili kwa namna zote isipokuwa hii. Jibu la kumponya lilikuwa tayari mdomoni, tena lilikuwa kweli: niliambiwa vichwa tu. Akilisema hilo, Léoncie ataanguka peke yake, na yeye atarudi Buyenzi na mikono misafi. Aliyaona macho ya msichana yule, hayakuwa na shaka hata punje, na akatambua kwamba kwa miezi miwili alikuwa akimchukia mtu aliyekuwa amemwegemea mgongo.

Alisimama.

"Nimeitazama misingi," alisema. "Si moja, Daktari. Ni mbili. Ya mdomo wa mto ni nyingine, na haipatikani kwenye miamba ile minne. Vioo ninavyo, kumi na kimoja."

"Umejua lini?"

"Hii ni wiki ya saba."

Léoncie alikuwa amesimama mbele ya ramani yake, rangi ya kijani imemwangukia begani.

"Na hukumwambia?" Dokta Massoudi aliuliza, bila ukali.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Houda alijaribu kutafuta neno lenye heshima. Hakulipata. "Kwa sababu alikwenda yeye," alisema, akakaa.

Kikao kiliahirishwa mpaka alasiri. Kwenye korido Léoncie alimpita karibu kiasi cha gauni kumgusa mkono, na hakumtazama. Profesa Sylvère alimwita kando ya ngazi. Alikuwa ametoa miwani na uso wake ulionekana mzee.

"Miaka kumi na minane nimeweka jina langu juu ya macho yako," alisema. "Labda hayo ni malipo yangu. Lakini yule mtoto alikufanyia nini?"

Profesa alimnyang'anya ufunguo wa chumba cha hadubini, akamrudisha kwenye kuosha vyombo. Houda hakubisha. Aliosha vyombo kwa siku nane, akavipanga kwa ukubwa wake, na kila mtu alikuwa akiingia na kutoka kana kwamba sinki linajiosha lenyewe.

Siku ya tisa Léoncie alikuja akasimama nyuma yake.

"Sikuja kusamehe," alisema.

"Najua."

"Nimeaibika mbele ya watu wa nchi nne. Mama yangu aliniona kwenye picha nimesimama mdomo wazi."

Houda alifunga bomba. Aligeuka, mikono inachuruzika. "Nilikuonea wivu, Léoncie. Bado nakuonea. Siwezi kukudanganya sasa kwamba umeisha."

Léoncie alimkodolea macho, kama anayepima kama huo ni utovu wa adabu au ni heshima. Kisha akavuta kiti akaketi. "Nina misingi mia mbili ya kukata. Nimeanza, naharibu. Naikata vibaya."

"Ya mdomo wa mto ni migumu. Lazima kisu kiingie kwa pembeni." Houda alijipangusa mikono kwenye aproni. Alitaka kuacha hapo, lakini swali lilimtoka. "Kule kwenye tope. Kulikuwaje?"

"Hakukuwa na kitu. Sikuona mkono wangu mwenyewe. Ile video yote ni ya maji meupe." Léoncie alikuwa akizungumza akitazama sakafu. "Nilishuka nimeshika kamba. Nikayatafuta kwa vidole, yanateleza, yanajikunja ukiyagusa. Nililia ndani ya ile miwani ya mbizi mpaka ikajaa. Nilitaka kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sijamwambia mutu."

Houda alimsikiliza mpaka mwisho, na huku anamhurumia alijikuta anautaka hata woga ule, giza lile la tope na kitu kinachojikunja chini ya vidole. Alimwambia hivyo, wazi.

Léoncie hakucheka. "We ni mugonjwa, dada," alisema. Akasimama akaenda mwenyewe kwa Profesa kuomba ufunguo.

Walikata pamoja kwa wiki tano, wakizungumza mambo ya kazi tu. Ramani mpya ilikuwa na rangi mbili, na ilipopelekwa pwani ilikuwa na majina matatu, la Houda likiwa la pili. Habari za gati zilikuwa bado zinabishaniwa na wakubwa, hakuna aliyejua zitaishia wapi. Kiangazi kilichofuata mradi ulipata nafasi ya safari nyingine, nafasi moja, kwa mwenye shahada. Léoncie akaenda tena.

Houda alimsindikiza mpaka kituo cha basi, akambebea begi, na roho ilimuuma vilevile kama mwaka uliotangulia, palepale. Siku ya nne simu iliita saa tano asubuhi, akiwa maabara.

"Dada Houda, niko kwenye boti, juu ya ule mwamba wa tope. Nashuka sasa hivi. Nianzie wapi?"

"Chagua penye mteremko, siyo juu," Houda alisema. "Maji yakoje leo?"

"Mabaya. Kama chai."

Houda alivuta kiti karibu na dirisha, akaiweka simu vizuri sikioni. "Nieleze vizuri. Yana rangi gani karibu na boti, na yana rangi gani mbali?"